Chuma hakikutiririka

Swali: Mwalimu wa Kiswahili wa Masindi, Uganda, anaandika: "Wanafunzi wangu wanasoma habari za wahunzi wa zamani wa Bunyoro. Kitabu kimoja kinasema 'walipakia tanuri', kingine kinasema 'baada ya kuchaji tanuru, wahunzi waliyeyusha chuma, kikatiririka'. Nifundishe kipi? Na ni tanuri au tanuru?"

Jibu: Tanuri na tanuru ni neno lilelile, lenye asili ya Kiarabu, na yote mawili ni sahihi. Chagua moja, usilibadilishe katikati ya ukurasa. Kinachopakiwa ni lori na mtumbwi. Kinachochajiwa ni simu. Tanuri hutiwa mkaa, hutiwa mtapo, yaani mawe yenye chuma ndani yake. Basi.

Ningeishia hapo, Mwalimu, lakini umenitumia na ile "waliyeyusha chuma, kikatiririka". Kuchaji nimesamehe. Hili silisamehe.

Kuyeyuka ni kugeuka maji, kama samli kikaangoni. Chuma safi hugeuka maji kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi. Tanuri ya udongo inayopulizwa kwa mivukuto ya ngozi haikujengwa kwa moto huo. Kazi yake hufanyika kati ya nyuzi 1100 na 1300 hivi. Kwa moto huo chuma hulainika tu. Sasa mwandishi wetu aseme kilitiririka kwa miujiza gani.

Atazame kazi yenyewe. Mtapo huchomwa kwanza kwenye moto wa kuni ili maji yatoke na mawe yapasuke, kisha hupondwa hadi vipande vya milimita 5 hadi 20. Vumbi halitiwi: huziba mianya ya mkaa na upepo ukakosa njia. Vipande vikubwa navyo hufika chini vikiwa bado mawe katikati. Mkaa hukatwa vipande vya sentimita 2 hadi 5, ukachekechwa. Tanuri huwashwa kuni kwa saa moja au zaidi mpaka udongo ukauke. Tanuri mbichi hupasuka. Ndipo hujazwa mkaa mtupu hadi mdomoni, mivukuto ikaanza.

Mkaa ukishuka, hutiwa mtapo kidogo na mkaa juu yake. Ukishuka tena, hutiwa tena. Kipimo cha kuanzia ni kilo moja ya mtapo kwa kilo moja ya mkaa, kila dakika 10 au 15, kwa saa nyingi. Wanaovukuta hupokezana, maana upepo ukikatika moto hupoa na mrija wa udongo unaoingiza upepo huziba. Hewa ya mkaa, ile inayoua watu waliolala na jiko chumbani, hupanda kati ya vipande na kuunyang'anya mtapo oksijeni yake. Chembe za chuma hubaki, zikashikana kuwa bonge lenye matundu matundu. Baada ya mtapo wa mwisho hutiwa mkaa mtupu, ukaachwa ushuke, ndipo bonge likang'olewa na kupigwa lingali jekundu.

Kinachotiririka ni mavi ya chuma. Ndiyo, Mwalimu, mavi. Ni Kiswahili halali, na mhariri anayeona haya akaandika "uchafu mwingineo" amewanyima watoto neno zuri. Ni mawe na udongo wa mtapo ulioyeyuka pamoja na sehemu ya chuma ambayo bado imeshikana na oksijeni. Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, upande wa Tanzania, Wahaya walijaza shimo la chini ya tanuri matete ya kinamasi yaliyochomwa, mavi yakadondokea humo. Mabonge hayo meusi, mazito, ndiyo yanayookotwa mashambani hadi leo.

Na hapa ndipo sentensi ya kitabu inaponichekesha kuliko kuniudhi. Chuma kingeweza kweli kuyeyuka humo, lakini kwa ajali. Mkaa ukizidi mno mtapo na upepo ukawa mkali, chuma hunywa kaboni nyingi, na chuma cha namna hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 1150 hivi. Kikipoa hukataa nyundo: ukikipiga kinavunjika vipande. Kwa mhunzi wa jembe hiyo ni hasara ya siku nzima. Kwa hiyo mwandishi, akikusudia kuwasifu wahunzi wa Bunyoro, ameandika kwamba waliharibu kazi.

Tuseme nini basi? "Kutoa chuma katika mtapo" inatosha. Watu wa migodi ya Tanzania wana "kuchenjua", na ningefurahi kulisikia Hoima pia. "Kufua" kuachwe kwa kazi inayofuata, ya nyundo na fuawe, kazi ya yule ambaye Waganda humwita omuweesi. Neno "kuyeyusha" sijalipiga marufuku: shaba ya Kilembe ilipofikishwa Jinja iliyeyushwa, na viwanda vya leo vinayeyusha vyuma chakavu mchana na usiku.

Ubaoni andika: "Wahunzi walitia mkaa na mtapo katika tanuri, wakavukuta, mavi ya chuma yakatiririka, wakatoa bonge la chuma." Mtoto akiandika "waliyeyusha" kwenye mtihani, mpe alama yake. Amekariri alichopewa; ya kukatwa ni ya mwandishi wa kitabu.