Siku mbili za Chicago, na simba ambao baba yangu hakuwaona

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji anayeishi Ohio. Wazazi wake wanakuja kumtembelea kutoka Morogoro, amepata nafasi ya Jumamosi na Jumapili, naye anataka kuwapeleka Chicago ili, kwa maneno yake, "waone kila kitu". Nilimjibu kwa mistari miwili ya adabu, kisha usingizi ukanipaa, maana hicho "kila kitu" ndicho kilichoniponza mimi mwaka 2018, na habari hiyo sijapata kuiandika mahali popote.

Baba yangu alifanya kazi ya reli Voi hadi akastaafu. Alipopata viza ya kuja Indianapolis kuniona, ombi lake lilikuwa moja tu: apelekwe Chicago akawaone wale simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Kwetu habari hiyo tulikua nayo nyumbani kabla hatujaisoma popote, na baba alikuwa amevuka daraja la mto Tsavo mara zisizohesabika bila kuona hata unywele mmoja wa wanyama hao, ambao tangu miaka ya 1920 wamo katika jumba la makumbusho la Field, kando ya ziwa Michigan.

"Tutawaona, baba," nikamwambia. Lakini mimi nami nilikuwa na orodha yangu, na ninakiri kwamba orodha hiyo niliitunga kwa ajili ya watu watakaoziona picha. Tuliondoka alfajiri, tukafurahia ile saa moja ambayo msafiri wa Indianapolis huipata bure kwa kuwa Chicago iko nyuma yetu kwa saa moja. Tulianzia bustani ya Millennium, kwenye sanamu ya Anish Kapoor ya chuma king'aacho ambayo wenyeji huiita Haragwe, nikampiga baba picha zisizopungua thelathini. Kisha nikampeleka jengo la Willis, lenye ghorofa 110 na urefu wa mita 442, ambalo kwa zaidi ya miaka 20 lilikuwa refu kuliko yote duniani. Foleni ilitula zaidi ya saa mbili. Tulipofika ghorofa ya 103, baba alikataa kukanyaga kile kibanda cha kioo kinachoning'inia nje, akasimama mbali na dirisha akihesabu reli zinazoingia mjini, na nadhani hiyo ndiyo dakika pekee aliyoifurahia asubuhi ile. Baada ya hapo nilimburuta katika maduka ya barabara ya Michigan kutafuta zawadi za watu wa nyumbani, na gari nalo nikaliegesha mahali ambapo malipo ya siku moja yalinifanya nihesabu noti mara mbili.

Tulifika makumbusho saa kumi na dakika ishirini. Mlinzi, kijana mpole kabisa, alitueleza kwamba jumba hufungwa saa kumi na moja na mgeni wa mwisho huingia saa kumi kamili. Kesho yake usiku nilikuwa na zamu hospitalini, na kurudi Indianapolis ile saa ya bure hudaiwa, kwa hiyo nilikuwa nimepanga tuondoke Jumapili asubuhi mapema. Baba aliketi kwenye zile ngazi pana za mawe, akalitazama ziwa, akasema, "Si neno, mama." Nilipoziweka picha za Haragwe mtandaoni usiku ule nilipata sifa nyingi. Alipoomba viza mara ya pili hakuipata, na sasa magoti yake hayamruhusu hata kufikiria safari. Kila ninapompigia simu huniuliza, "Simba wangu hawajambo?" Yeye hucheka. Mimi bado sijaweza kucheka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Ohio, ushauri wangu ni huu: muulize mgeni wako jambo moja analotaka kuliona, kisha ulitengee saa za kwanza za Jumamosi, kabla ya jambo jingine lolote. Makumbusho ya Field hufunguliwa saa tatu asubuhi. Shukeni kwenye treni ya juu, ambayo huko huitwa L, katika kituo cha Roosevelt, mtembee polepole kuelekea ziwani, na gari liacheni hotelini. Ndani yumo pia dinosau Sue, aliyenunuliwa mwaka 1997 kwa zaidi ya dola milioni 8, na wamo tembo wawili wanaopigana walioletwa na Carl Akeley kutoka safari yake ya Kenya ya 1905 na 1906. Wazazi wa Morogoro wanaweza kusema tembo wanawaona Mikumi bila kupanda ndege, na watakuwa na haki.

Mchana wakalisheni wazee mahali pa kupumzika. Boti za mtoni huchukua kama saa moja na nusu, mtu ameketi, majengo yakimpita yenyewe. Waelezeni kwamba mto huo uligeuzwa mwaka 1900 utiririke kinyume, usipeleke uchafu kwenye ziwa linalowapa watu maji ya kunywa, na kwamba mkazi wa kwanza wa mji huo asiyekuwa mwenyeji wa asili alikuwa Jean Baptiste Point du Sable, mfanyabiashara mwenye asili ya Kiafrika. Jumapili inatosha bustani ya wanyama ya Lincoln Park, ambayo haina kiingilio, na chakula cha barabara ya Devon, ambako Wahindi na Wapakistani huuza chapati na sambusa ambazo baba yangu angezila bila kuuliza jina. Kama mgeni ni Mkenya, mpitisheni Grant Park mumwonyeshe mahali Kelvin Kiptum alipomaliza mbio za marathoni kwa saa 2:00:35, tarehe 8 Oktoba 2023. Mengine yaacheni.

Nasi tunaoishi ughaibuni tuambizane ukweli. Mzazi anasafiri siku mbili angani, anafika kwetu, nasi tunamgeuza pambo la picha zetu, tunamsimamisha hapa na pale kwa ajili ya macho ya watu ambao hawakuchangia hata nauli yake. Tumuulizeni anachotaka, na akisha kusema tumwamini.

Agosti iliyopita nilirudi na wanangu, tukawa wa kwanza mlangoni. Saa tatu na nusu asubuhi, ambayo kwa Voi ni saa kumi na moja na nusu jioni, nilimpigia baba simu ya video mbele ya kioo. Aliwatazama simba kwa muda mrefu.

"Mbona wadogo hivi? Na manyoya ya shingoni yako wapi?"

Nikamweleza kwamba madume wengi wa Tsavo ndivyo walivyo, na kwamba yule mhandisi aliyewaua, Patterson, alizitumia ngozi zao kama mazulia kwa miaka 25 kabla ya kuliuzia jumba hili, hivyo zikapungua. Nikamwambia pia kwamba Patterson alidai waliliwa watu 135, ilhali uchunguzi wa mifupa na manyoya yao uliochapishwa 2009 ulikadiria kama 35.

"Aliuza kwa ngapi?"

"Dola 5,000, baba."

Akanyamaza kidogo, akaisogeza simu karibu na uso.

"Na hizo fedha," akauliza, "zilipita Voi?"