Menifoldi ya Kuchomelea kwa Injini ya Zamani Yenye Turbo: Maswali na Majibu

Nikitengeneza menifoldi mpya ya kuingizia hewa (chumba na mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), nitaongeza nguvu farasi ngapi?

Swali hili huletwa tena na tena bila kutajwa injini, turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya injini) wala kiwango cha shinikizo, na bila hayo halijibiki.

Chumba cha hewa cha menifoldi kiwe na ukubwa gani? Je, umbo lina maana yoyote ikiwa turbo ndiyo inayosukuma hewa?

Ujazo wa kuanzia ni ule wa injini yenyewe hadi mara moja na nusu, yaani lita 2 hadi 3 kwa injini ya lita 2. Umbo ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu turbo huongeza shinikizo tu, wala haihakikishi kwamba kila silinda inapata hewa sawa na mwenzake. Hewa inayoingia kwa kasi kutoka upande mmoja huweza kuupita mdomo wa bomba la silinda ya kwanza na kujaa mwishoni, ilhali injekta zote zinanyunyiza petroli kiasi kilekile. Silinda ya mwisho hubaki na petroli pungufu, joto lake hupanda, huanza kugonga (mchanganyiko wa petroli na hewa hulipuka wenyewe kwa kishindo), na pistoni yake hutoboka, huku kipima oksijeni kilichofungwa kwenye bomba la moshi kikisoma wastani wa silinda zote na kuonyesha kuwa hakuna tatizo. Kwa hiyo chumba kipungue upana kuelekea mwisho, midomo ya mabomba ipanuliwe kama tarumbeta, na joto la moshi lipimwe kwa kila silinda. Anayeng'arisha menifoldi kabla ya kupima hayo anahatarisha injini ambayo vipuri vyake huenda havitengenezwi tena.

Flanji yangu ya alumini (bamba la kufungia menifoldi kwenye injini) imepinda baada ya kuchomelewa. Naweza kuweka gasketi nene?

Hapana, shinikizo la turbo litaisukuma nje. Tumia flanji ya milimita 10 hadi 12, uifunge kwa boliti kwenye bamba nene la chuma tangu mwanzo wa kuchomelea hadi ipoe kabisa, uchomelee vipande vifupi kwa kuhama kutoka ncha moja hadi nyingine, kisha uso wake usawazishwe kwa mashine. Usisahau kusugua utando wa oksidi kwa brashi safi ya chuma kisichoshika kutu, kwani utando huo huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 2,070 za Selsiasi, wakati alumini iliyo chini yake huyeyuka kwenye 660.

Bati bapa la milimita 2 linatosha kwa kifuniko cha juu cha chumba cha hewa?

Halitoshi. Bati la sentimita 30 kwa 10, likisukumwa na shinikizo la baa 1, hubeba nguvu sawa na uzito wa kilo 300 hivi. Litavimba na kutulia kila unapokanyaga na kuachia mafuta, mpaka mshono wa pembeni upasuke. Likunje liwe na mviringo, au tumia bati nene zaidi lenye mbavu.

Bomba la busta ya breki (kifaa kinachorahisisha kukanyaga breki) nilitoe wapi?

Kwenye chumba cha hewa, na lazima liwe na valvu ya njia moja inayofanya kazi, la sivyo shinikizo la turbo litaingia kwenye busta na breki zitakuwa ngumu.

Naweza kubakiza kabureta?

Unaweza, iwapo turbo inapuliza kupitia kabureta iliyozibwa vizuri isivuje, chumba cha boya (kinachohifadhi petroli ndani ya kabureta) kinapata shinikizo lilelile, na pampu inasukuma petroli kwa shinikizo linalozidi la turbo wakati wote. Sharti moja likikosekana, petroli itapungua wakati ambapo injini inaihitaji zaidi.