Kalsiamu imepanda tena baada ya upasuaji wa parathairoidi: ya kufanya kabla ya kuingia thieta mara ya pili

Umefanyiwa upasuaji wa shingo wa kutoa parathairoidi (tezi ndogo za shingoni zinazodhibiti kalsiamu ya damu) Dar es Salaam au Mwanza, umerudi Kigoma, na sasa kalsiamu imepanda tena. Tafadhali usikubali kupasuliwa upya kwa sababu ya karatasi moja ya maabara. Shingo iliyokwisha kupasuliwa ina makovu, tezi ya parathairoidi isiyo na ugonjwa ni ndogo kama punje ya mchele, na neva ya sauti inapita jirani. Hatari ya sauti kuharibika, au ya kubaki na kalsiamu ya chini maisha yote, ni kubwa kuliko mara ya kwanza.

Uchunguzi uanze upya. Kalsiamu, albumini (protini ya damu inayobeba kalsiamu) na homoni ya parathairoidi (PTH) zipimwe siku moja. Mpira wa kufunga mkono wakati wa kutoa damu ukikazwa muda mrefu, kalsiamu husomeka juu kuliko ilivyo. PTH nayo huharibika kwenye joto, kwa hiyo kama sampuli inasafirishwa, uliza kama ipo kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau na inatunzwa kwenye baridi. PTH ikiwa juu huku kalsiamu ni ya kawaida, hiyo peke yake si sababu ya kupasuliwa: angalia kwanza vitamini D na figo.

Pima pia kalsiamu kwenye mkojo wa saa 24. Ikiwa ndogo sana, huenda ni hali ya kurithi inayopandisha kalsiamu ya damu, na hiyo haiponi kwa kisu. Mtajie daktari kila dawa unayotumia, hasa haidroklorothiazaidi ya presha na lithiamu ya magonjwa ya akili, maana zote hupandisha kalsiamu. Usiziache mwenyewe.

Kalsiamu ikipanda kabla ya miezi 6 kwisha, mara nyingi tezi mbovu iliachwa ndani. Ikipanda baada ya hapo, ugonjwa umerudi, na pengine tezi zaidi ya moja zinahusika. Kama ndugu zako nao wana mawe ya figo au kalsiamu ya juu, sema.

Sasa makaratasi, na hapa ndipo wengi hukwama. Fomu ya ruhusa ya kutoka hospitali haitoshi. Omba nakala ya maelezo ya upasuaji wenyewe: tezi zipi zilionekana, ipi ilitolewa, upande gani. Omba pia ripoti ya maabara ya kinyama kilichotolewa. Wakati mwingine kilichotolewa kilikuwa tezi ya limfu au mafuta tu, na bila ripoti hiyo daktari wa pili atatafuta gizani.

Picha zifuate baadaye, kwa sababu kazi yake ni kuonyesha mahali tu. Ultrasaundi, kipimo cha nyuklia (Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wana idara hiyo) na CT-Scan ya parathairoidi: tunashauri angalau picha mbili zikubaliane. Tezi hujificha nyuma ya umio, ndani ya tezi ya thairoidi, au kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Kabla ya CT ya dawa ya mshipa, pima kreatinini, kipimo cha figo.

Daktari wa masikio, pua na koo aangalie nyuzi za sauti hata kama unaongea vizuri. Uzi mmoja ukiwa umeshapooza na wa pili ukaguswa, njia ya hewa inaweza kuziba.

Muulize daktari wa upasuaji kama PTH itapimwa ukiwa bado thieta. Inatakiwa ishuke zaidi ya nusu ndani ya dakika 10 tangu tezi itolewe.

Baada ya upasuaji, kalsiamu hushuka zaidi kati ya siku ya 2 na ya 4. Usipande treni ya kurudi Kigoma siku hizo. Kaa karibu na hospitali kama wiki moja. Midomo na vidole vikifa ganzi, pima kalsiamu siku hiyohiyo. Misuli ikikakamaa, nenda hospitali mara moja. Kalsiamu kaboneti imezwe pamoja na chakula, na ipishane kwa muda wa saa 4 na dawa ya thairoidi au ya kuongeza damu. Ondoka na dawa za kutosha, usitegemee kuzipata Kasulu au Uvinza. Dagaa endelea kula. Kalsiamu irudiwe ndani ya wiki mbili, kisha miezi 6 baada ya upasuaji, ndipo daktari aseme umepona.