Usibanie Oili: Kwa Wanaoanza Kujichanganyia Mafuta ya Ndege za Mfano

Mtu aliyezoea pikipiki au msumeno wa mnyororo, ambako oili kidogo humiminwa kwenye petroli na kazi ikaisha, hushtuka anapoambiwa kwamba injini ndogo ya ndege ya mfano hutaka oili sehemu 20 katika kila sehemu 100 za mafuta yake. Wengi hudhani ni kosa la uchapaji, wakaipunguza. Makosa mengine karibu yote utayasahihisha kwa kuzungusha sindano ya kabureta, yaani skrubu inayopunguza au kuongeza mafuta yanayoingia kwenye injini, lakini oili iliyopungua hairekebishwi kwa sindano.

Injini ninazozizungumzia ni zile za plagi ya waya, zilizoenea baada ya Mmarekani Ray Arden kuiingiza plagi hiyo sokoni mwaka 1947. Betri huhitajika wakati wa kuwasha tu. Baada ya hapo waya wenye platini huendelea kuwaka wekundu kwa sababu ya joto la silinda na kwa sababu mvuke wa methanoli humenyuka juu yake, na ndiyo maana huwezi kumimina petroli humo ukatarajia mambo yaende.

Mchanganyiko wa kuanzia ni mililita 800 za methanoli safi na mililita 200 za mafuta ya nyonyo, ambayo wengine huyaita mafuta ya mbarika. Usiudharau, kwani ni uwiano uleule unaotumika katika mashindano ya FAI (shirikisho la kimataifa la michezo ya anga) ya ndege za kasi zinazorushwa kwa waya ulioshikwa mkononi. Nitromethani, kemikali ambayo wengine huiongeza kwenye mafuta haya, huongeza nguvu na kuituliza injini katika mwendo wa polepole, lakini ni ghali, na kwa anayejifunza sioni haja yake, isipokuwa kama kijitabu cha injini yako kinaitaka.

Nyonyo iwe safi, isiyotiwa manukato. Ile ya kupaka nywele iache kwenye nywele. Oili ya kawaida ya tustroki, ile inayochanganywa na petroli, nayo haiyeyuki katika methanoli. Ukiwa na shaka na oili yoyote, tikisa kidogo pamoja na methanoli katika chupa ya kioo, uiache usiku kucha, na asubuhi ukikuta imezama chini na kufanya mstari, usiitumie. Nyonyo huyeyuka vizuri, haiungui yote, na sehemu kubwa hutoka kwa ekzosi ikiwa imebeba joto la injini. Silinda inapozidi joto, nyonyo huwa nzito na kung'ang'ania chuma badala ya kukimbia. Gharama yake ni utando wa kahawia juu ya pistoni na ndege iliyolowa ambayo lazima uipanguse kila jioni, kazi ambayo sijawahi kuipenda.

Mimi mwenyewe niliharibu injini kwa mzani wa jikoni. Nilipima gramu 200 za nyonyo na gramu 800 za methanoli, nikaamini nimefuata kanuni, kumbe kanuni ilikuwa ya ujazo. Mililita moja ya nyonyo ina uzito wa gramu 0.96 hivi, na ya methanoli gramu 0.79, kwa hiyo nilichokipata kilikuwa na oili asilimia 17 tu kwa ujazo. Injini yangu ilikuwa ya zamani, isiyo na beringi za gololi, na juu ya hayo niliifunga sindano kupita kiasi nikitafuta mzunguko wa juu. Masalio ya ekzosi, ambayo huwa ya rangi ya chai hafifu, yalianza kutoka kijivu. Nilipoyasugua kati ya vidole niliona yanametameta: kilikuwa chuma cha konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na shafti. Nilipoifungua, tundu la chini la konrodi lilikuwa limekuwa yai. Tangu siku hiyo napima kwa chupa yenye mistari, na rangi ya ekzosi naiangalia kila ninapotua.

Methanoli yenyewe ni sumu: ikinywewa hata kidogo hupofusha au huua, hupenya ngozi, na mwali wake hauonekani kwenye mwanga wa jua. Changanya nje, mbali na moto, ukiwa na glovu na miwani, na usiihifadhi kamwe katika chupa ya soda au ya maji, hata kwa saa moja, hasa penye watoto. Dumu liwe na maandishi makubwa na kifuniko kinachobana, kwa kuwa methanoli huvuta unyevu wa hewani, na maji hayo hufanya injini igome na beringi zishike kutu.

Kwa sababu hiyohiyo, ukimaliza kurusha toa mafuta yote kwenye tangi, washa injini hadi ijizime yenyewe, kisha tia matone machache ya oili nyepesi kwenye kabureta na uzungushe propela kwa mkono mara kumi hivi, plagi ikiwa haina betri.