Usihesabu maneno kwanza, tazama kidole: jinsi ya kutambua usonji kwa mtoto na kupata uchunguzi wa kweli

Mzazi anapoanza kuingiwa na wasiwasi, kauli yake ya kwanza huwa "mtoto hajaongea bado". Jibu analopata kwa shangazi, kwa jirani, wakati mwingine hata kliniki, ni "baba yake naye alichelewa, mwache". Wote wanahesabu maneno. Sisi tunaoshughulika na watoto hawa tunamwomba mzazi ayaweke maneno kando kwanza, aangalie kama mtoto anawasiliana. Wapo watoto waliochelewa kuongea na hawana usonji (autism), yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia, hata kidogo. Wapo pia wanaohesabu moja hadi ishirini kwa Kiingereza na kuimba tangazo zima la televisheni, na usonji wanao.

Tofauti huonekana wazi zaidi kwenye kidole. Tia biskuti ndani ya kopo linaloonyesha, kaza kifuniko, kisha mpe mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Aliyechelewa kuongea tu atalitazama kopo, atakutazama usoni, atarudi kwenye kopo, atanung'unika, atanyoosha kidole au kukuletea. Neno hana, lakini anazungumza nawe. Mwenye usonji mara nyingi atalipigapiga kopo na kuliacha, au atakushika kifundo cha mkono na kuuweka mkono wako juu ya kifuniko bila kukutazama. Kisha geuza zoezi. Elekeza kidole upande wa pili wa chumba, sema "Tazama, paka!" Kufikia miezi 18, watoto wengi hukifuata kidole hadi kwa paka. Angalia pia kama yeye mwenyewe hukuonyesha ndege au pikipiki kwa sababu tu anataka nawe uone, bila kuomba chochote. Kuonyesha kwa namna hiyo ndiko kunakotuambia mengi kuliko kuonyesha kwa kuomba.

Jina nalo lina namna yake ya kupimwa. Zima televisheni, kaa nyuma ya mtoto kidogo, umbali wa mita moja hivi, umwite kwa sauti ya kawaida. Subiri kidogo, mwite tena, mpaka mara tatu. Usimguse, usiahidi pipi. Mtoto wa miezi 12 anatakiwa awe anageuka mara nyingi. Asiyegeuka kwa jina lake lakini anakuja mbio akisikia karatasi ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili anahitaji kuangaliwa.

Kwa umri, tunashtuka mtoto akifika miezi 12 habwabwaji, hapungi mkono kuaga wala haonyeshi kitu. Akifika miezi 16 bila neno hata moja. Akifika miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili ya kwake mwenyewe, kama "mama maji". Maneno anayorudia kama kasuku hayaingii kwenye hesabu hiyo. Kupanga vitu mstari, kuzungusha matairi ya gari badala ya kuliendesha, kupunga viganja, kutembea kwa ncha za vidole, kuziba masikio blenda ikiwashwa, kukataa chakula chochote kisichokuwa cheupe: haya yote yana uzito yakiambatana na shida ya mawasiliano. Likiwa moja peke yake, hata watoto wengine hulifanya. Wasichana husahaulika zaidi, maana huambiwa ni wapole na wana aibu.

Kuna dalili moja isiyosubiri miadi ya mwezi ujao, nayo ni kupoteza alichokuwa nacho. Mtoto alikuwa anasema "mama" na "taa", anapunga mkono, kisha akanyamaza. Katika usonji hali hii hutokea zaidi kati ya miezi 15 na 24, lakini katika umri wowote ule mpeleke kwa daktari, kwa kuwa kifafa na magonjwa mengine ya ubongo nayo yanaweza kuileta. Na kwa kuwa Kenya na Tanzania sindano ya pili ya surua na rubela hutolewa miezi 18, wazazi wengi huunganisha mambo hayo mawili. Tunaelewa uchungu huo, lakini chanjo haihusiki. Makala ya mwaka 1998 iliyoanzisha hofu hiyo ilifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010, na utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona ongezeko lolote la usonji kwa waliochanjwa. Itumie siku hiyo ya miezi 18 kwa faida: baada ya sindano, mwambie muuguzi kwamba mtoto haonyeshi kwa kidole, na uombe rufaa.

Kipimo cha kwanza ni cha masikio. Kumpigia mtoto makofi kisogoni si kipimo. Anaweza kugeuka kwa upepo wa mkono au kivuli. Omba kipimo ambacho vipokezi vidogo hubandikwa kichwani na nyaya zikasoma jinsi mshipa wa usikivu unavyopeleka sauti kwenye ubongo. Hufanyika mtoto akiwa amelala, kwa hiyo asubuhi hiyo mwamshe mapema na usimwache asinzie njiani, la sivyo mtarudishwa. Kipimo hiki ni cha lazima hata kama una uhakika anasikia. Usikivu hafifu wa sikio moja, au maji yanayojaa nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara, hauonekani kwa macho.

Kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30 lipo dodoso la M-CHAT-R/F la kuchuja dalili za usonji, linalojibiwa na mzazi na kutolewa bure. Lina maswali 20 ya ndiyo au hapana, na kila jibu linaloashiria dalili ni alama moja. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo, na kama hajafika miaka 2 hurudiwa akifika. Alama 3 hadi 7 zinahitaji mahojiano ya ziada, kila swali alilokosa likiulizwa kwa mifano. Akibaki na 2 au zaidi apewe rufaa. Alama 8 na kuendelea, rufaa moja kwa moja. Linapoharibika ni pale mzazi anapojibu "ndiyo" kwa jambo alilowahi kuliona mara moja tu. Jibu kwa yale anayoyafanya kwa kawaida. Na hata akipata 15, hilo bado si jina la ugonjwa. Ni sababu ya kwenda mbele.

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha usonji. MRI (picha ya ubongo) na kipimo cha umeme wa ubongo havitakuambia kama mtoto anao; huagizwa kukiwa na degedege, kupoteza uwezo, kichwa kisichokua vizuri au udhaifu wa upande mmoja. Familia nyingi humaliza akiba yote kwenye mashine, kisha fedha ya tiba ya usemi ikakosekana. Kumkata udata, ule uzi wa chini ya ulimi, nako hakumfundishi mtoto kuonyesha ndege. Wala lugha mbili nyumbani hazileti usonji. Usilazimishwe kuacha lugha ya mama.

Uchunguzi wa kweli unasimama juu ya miguu miwili: historia kutoka kwa mlezi, na muda wa kumtazama mtoto akicheza. Kwa DSM-5 ya mwaka 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa kutambua hali kama hizi, mtoto lazima awe na shida katika maeneo yote matatu ya mawasiliano: kupokeana na mtu mwingine, kutumia macho na ishara za mwili, na kujenga uhusiano. Juu ya hayo, awe na angalau mambo mawili kati ya manne: kurudiarudia, kung'ang'ania utaratibu, mapenzi makali ya kitu kimoja, na hisia zilizozidi au kupungua kwa sauti, mguso au mwanga. Daktari aliyetoa jibu ndani ya dakika 10, mtoto akiwa amelia muda wote, hajapata nafasi ya kuyaona hayo. Rudi, au omba rufaa kwa bingwa wa watoto, daktari wa akili wa watoto au mwanasaikolojia tiba. Mwenye uzoefu anaweza kutoa jibu la kuaminika mtoto akiwa na miaka 2.

Mzigo wako ni kwenda na ushahidi. Rekodi kwa simu video fupi za dakika 2 au 3: akila, akicheza peke yake, akiwa na mtoto mwenzake, akiitwa jina, na lile jambo linalokutisha. Usimwelekeze. Beba kadi ya kliniki, na karatasi yenye tarehe: wiki za ujauzito, kama alilia alipozaliwa, manjano, degedege, malaria kali, alikaa lini, alitembea lini, neno la kwanza, neno la mwisho. Mwalimu wa chekechea aandike nusu ukurasa.

Ukitoka, toka na ripoti ya maandishi. Iseme walitumia nini, waliona nini, majibu ya masikio, uwezo wa akili na wa lugha kila kimoja peke yake, kiwango cha msaada anaohitaji kati ya 1 na 3 (3 ndicho kikubwa zaidi), na hatua zinazofuata. Karatasi yenye neno "usonji" na muhuri tu haimsaidii mwalimu. Kenya, ripoti hiyo ipeleke kituo cha tathmini ya elimu maalumu, maarufu kama EARC, na katika usajili wa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Tanzania, anza na hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha afisa ustawi wa jamii na afisa elimu maalumu wa halmashauri. Baadhi ya shule za msingi za umma zina vitengo vya watoto wenye usonji.

Hakuna dawa inayoondoa usonji. Risperidone na aripiprazole hutumika kwa hasira kali na kujiumiza, chini ya uangalizi wa daktari. Anayeuza dawa ya "kusafisha madini mwilini" anauza hatari. Tiba hiyo imewahi kuua mtoto.

Foleni ya miadi ikiwa ndefu, mafunzo yasingoje. Keti sakafuni, uso wako ulingane na wake. Mpe biskuti kipande kimoja kimoja, siyo zima, ili awe na sababu ya kukurudia. Shika ndizi na chungwa, moja kila mkono, mbele ya macho yake, taja vyote viwili, kisha nyamaza na uhesabu kimoyomoyo hadi 10. Wazazi wengi hukata tamaa kwenye 3. Akitazama, akigusa, akitoa sauti yoyote ile, mpe papo hapo huku ukilitaja jina la tunda. Fanya hivyo kila mlo, na uandike tarehe ya siku atakayonyoosha kidole mwenyewe, mtaalamu ataihitaji.