Mwalimu Anajibu: Nani Mkweli?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu anafanya kazi Minnesota. Wenzake Wazungu humwambia ubaguzi shuleni uliisha zamani. Weusi wanasema bado. Nani mkweli?
Mama Rehema, Tanga

JIBU: Marahaba, Mama Rehema. Mtazame Elizabeth Eckford, binti Mweusi wa mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas, Septemba 4, 1957, siku ya kwanza ya Weusi tisa kwenda shule ya Wazungu. Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kuharamisha shule za kibaguzi tangu 1954. Nyumbani kwa Elizabeth hapakuwa na simu, kwa hiyo hakupata habari kwamba wenzake wanane wangekutana kwanza. Akaenda peke yake, binti wa miaka 15, na nguo aliyoishona mwenyewe. Askari wa gavana wakamzuia, umati ukamzomea hadi kituo cha basi. Mama mmoja wa Kizungu, Grace Lorch, akampandisha basi (naye nisimsahau).

Kwa Wazungu wengi kisa kiliisha Rais Eisenhower alipotuma wanajeshi na watoto wakaingia darasani. Kwa Weusi ndipo kilipoanza: mwaka mzima wa kusukumwa na kutemewa mate, kisha 1958 gavana akazifunga shule za sekondari za mji. Mimi namsadiki aliyekuwa ndani. Mwambie kijana awaulize wenzake Weusi wazazi wao walisoma wapi, na atulie asikilize.