Maswali ya Wasomaji: Kanisa Juu ya Jumba la Wazapoteki

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeona picha ya kanisa lenye kuba nyekundu huko Mitla, katika jimbo la Oaxaca nchini Meksiko, lililozungukwa na kuta za kale. Je, Wahispania walibomoa majengo ya wenyeji ili kulijenga? Na kama ndivyo, ni nini kilichosalia? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli. Kanisa hilo la San Pablo lilijengwa katika karne ya 16 juu ya jukwaa la jumba la kale, tena kwa mawe yaliyong'olewa humo humo. Mitla ilikuwa makao ya makuhani wa Wazapoteki, watu wa asili wa Oaxaca, na mahali walipozikwa watawala wao, na wamisionari walikusudia kuifunika ibada ya zamani kwa ibada mpya.

Hata hivyo, kilichosalia ni kingi. Katika Jumba la Nguzo bado zimesimama nguzo sita, kila moja ikiwa ni jiwe moja zima, na kuta za majengo hayo zimepambwa kwa maelfu ya vipande vya mawe vilivyochongwa pasipo zana za chuma na kupangwa hata vikafanya michoro ya pembe na ngazi, ambayo mimi naihesabu miongoni mwa kazi bora za uashi duniani.

Kwa maoni yangu, si haki kuyaita makanisa ya Oaxaca kazi ya Wahispania peke yao. Waliobeba na kuchonga mawe walikuwa wenyeji, na sehemu kubwa ya utajiri wa jimbo hilo ilitokana na rangi nyekundu ya wadudu wadogo waliofugwa na wenyeji juu ya mipungate tangu kabla ya ukoloni, bidhaa ambayo wakati wa utawala wa Hispania ilipitwa na madini ya fedha tu katika mauzo ya nje ya koloni hilo.

Wala Wahispania hawakuwa wa kwanza kutumia upya mahali pa waliowatangulia. Huko Monte Albán, mji wa Wazapoteki ulioanzishwa yapata mwaka 500 kabla ya Kristo, mwanaakiolojia Alfonso Caso aligundua mwaka 1932 Kaburi la 7, lililojengwa na Wazapoteki lakini baadaye likatumiwa na Wamisteki, watu wengine wa asili wa Oaxaca, kuzikia watu wao pamoja na mapambo ya dhahabu. Ukifika Oaxaca, utayaona mapambo hayo katika jumba la makumbusho lililomo ndani ya nyumba ya zamani ya watawa Wadominikani, kando ya kanisa la Santo Domingo.